Mji kama Lamu chini ya sheria za dadu

Swali la kwanza huwa la chakula. Vijana wamekaa mkekani, mmoja anasimulia, wengine wanaigiza wahusika wao, dadu ya pande 20 inarushwa, na mchezo unakwenda vizuri mpaka mmoja wao aulize: kama kuhani wa kijiji hiki anaweza kutoa chakula kwa kutamka maneno tu, wale wakulima tuliowapita njiani wanalima kwa sababu gani? Msimamizi wa mchezo, yule anayesimulia, anajikuna kichwa. Likija la pili, la maiti aliyefufuliwa akakuta nyumba yake imeshagawanywa kwa warithi, mchezo umesimama na ubishi umeanza.

Ubishi huo una utamu wake, na una elimu ndani yake pia. Ukizichukua sheria za mchezo kama kweli tupu, zijulikane na kila mtu mjini kama tunavyojua kupwa na kujaa kwa maji, zitajenga jamii ya namna gani? Nani atakuwa tajiri, nani atafanya kazi, kesi zitaamuliwaje? Jibu la haraka ni kwamba waganga wakubwa watatawala kila kitu. Mimi naona sivyo. Ukipiga hesabu, yale makubwa ya kurusha moto na kupasua ngome hayabadilishi mji sana. Kinachoubadilisha ni kile kidogo kinachorudiwa kila siku, na zaidi ya hapo, kile kinachobaki pale pale baada ya aliyekifanya kwenda zake.

Mchezo ninaoutumia ni Dungeons & Dragons, mama wa michezo hii yote. Ulichapishwa Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, watu wawili waliotoka kwenye michezo ya vita, ile ya kupanga vijisanamu vya askari juu ya meza na kupigana kwa rula na dadu. Asili hiyo inaeleza mengi. Sheria zinajua upanga unaumiza kiasi gani, mtu anakimbia umbali gani kwa sekunde sita, na moto ukirushwa unaenea wapi. Hazijui mtama unavunwa lini. Bei na mishahara viliwekwa kwenye majedwali ili wahusika wanne watano wapate pa kununua kamba na mienge kabla ya kuingia pangoni. Mji mzima haukuwa kwenye hesabu.

Nitashika zaidi toleo la 2014, ambalo sheria zake za msingi zilitolewa Januari 2023 kwa leseni huru, kwa hiyo yeyote anaweza kuzisoma bila kununua kitabu. Na mji wangu ni wa kubuni: watu 5,000, kisiwani, nyumba za mawe zilizobanana hata punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hana budi kurudi nyuma, majahazi mbele, mashamba ng'ambo bara. Mwenye kuifahamu Lamu ataujua. Ila watu wake si sisi na dini yao si yetu. Nalisema mapema, mzee wangu yeyote asije akasoma habari za kufufua maiti huko chini akamtuma mjukuu kuja kuniita.

Fedha zao ni hivi: sarafu moja ya dhahabu ni 10 za fedha, au 100 za shaba. Kibarua asiye na ufundi hulipwa sarafu 2 za fedha kwa siku, na fundi 2 za dhahabu, yaani mara kumi. Tofauti hiyo peke yake ingetosha kuandikiwa makala nyingine.

Mfano mdogo kwanza, maana unaonyesha jinsi hesabu hii inavyofanywa. Katika toleo la tatu, lililotoka mwaka 2000 na kurekebishwa 2003, ngazi ya futi kumi inauzwa sarafu 5 za shaba. Mti wa futi kumi unauzwa sarafu 20 za shaba. Ngazi ina miti miwili. Nunua ngazi, ng'oa vipandio, uza miti: 5 zimezaa 40. Hata ukiuza kwa nusu bei, kama sheria zinavyotaka kwa mhusika anayeuza mali yake, unaondoka na 20. Mtu yeyote aliyewahi kuuza mikoko hapa, anayejua fito si pau na pau si boriti, angeiona faida hiyo kabla kikombe cha kahawa hakijapoa. Ndani ya wiki mji usingekuwa na ngazi hata moja, na miti ingekosa mnunuzi. Toleo la 2014 limezigeuza bei: mti sarafu 5 za shaba, ngazi 10. Sasa ngazi ni bei ya miti miwili kamili, na fundi aliyetia vipandio amefanya kazi bure.

Jedwali la bei halitembei, soko hutembea. Kwa hiyo popote sheria ya mchezo itakapokutana na soko, nitaishika sheria ya uganga na kuiacha bei iende inakotaka.

Tuje kwenye maji, kwani mji wa kisiwani huanzia hapo. Lamu inanyweshwa na matuta ya mchanga ya Shela, yanayoyahifadhi maji ya mvua chini yake. Ng'ambo, kisiwani Manda, mji wa Takwa ulihamwa katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni visima vyake kuingia chumvi. Katika mchezo, kuhani wa daraja la kwanza, yaani aliyehitimu juzi, anaweza kuomba maji yakapatikana: galoni 10, kama lita 38. Lakini uganga una kipimo. Kila mwenye uwezo huo ana nafasi chache kwa siku, na zikiisha hana la kufanya mpaka alale usiku kucha. Kuhani wetu ana nafasi mbili. Hizo ni lita 76. Punda akibeba madumu manne ya lita 20 amechukua lita 80. Kuhani mzima, na masomo yake yote, hafikii safari moja ya punda, na punda atarudi kisimani tena kabla ya adhuhuri. Kuupa mji lita 20 kwa kila mtu kungehitaji makuhani zaidi ya 1,300, robo ya mji na ushei, wasioshughulika na mgonjwa wala mzazi, kazi yao maji tu.

Sasa mwache kuhani, uchukue chupa. Kwenye orodha ya vifaa vya ajabu kuna chupa isiyokauka. Ukiitoa kizibo na kutamka neno lake la nguvu, humwaga galoni 30, takriban lita 114, kisha hukata. Sekunde sita baadaye unatamka tena. Saa moja ya kutamka ni lita 68,000. Saa moja na nusu inawatosha watu wote 5,000. Wala si kifaa cha wafalme: kwa mwongozo wa bei wa toleo hilo, vifaa vya kundi lake havizidi sarafu 500 za dhahabu. Na haimtaki kuhani. Kijana yeyote anaweza kukaa juu ya ukingo wa birika akatamka neno moja kila sekunde sita, mara 900 kwa zamu ya alfajiri, mpaka koo limkauke mbele ya maji yote hayo. Punda hawakosi kazi, maana maji yako kwenye birika, hayako jikoni kwako.

Hapo jamii imebadilika, na uganga haujaonekana. Chupa ikiwa mali ya mfanyabiashara, mji mzima ni mteja wake mpaka wajukuu. Ikiwa ya mtawala, kodi na kiu vimekaa kwenye mkono mmoja. Mimi naamini watu wa mji huo wangefanya walichofanya watu wa pwani hii kwa visima, misikiti na mashamba ya minazi: tajiri mmoja mzee, pengine asiye na mtoto, angeiweka wakfu, isiuzwe, isirithiwe, isimamiwe na mtu aliyeteuliwa. Na baada ya vizazi viwili ugomvi mkubwa wa mji usingekuwa nani ana uganga wa kutisha. Ungekuwa ni ukoo gani unaotoa msimamizi wa wakfu, na kwa nini chumba cha chupa kina funguo mbili wakati hati inataja mmoja. Adui naye hatahangaika kuchoma mji. Atamtafuta mwenye funguo.

Chakula kina hesabu yake, na hesabu hiyo inatia hofu zaidi. Uganga wa kuumba chakula na maji ni wa tabaka la tatu (watu hupangwa kwa daraja, uganga kwa tabaka), nao hulisha watu 15 kwa siku. Ili kuufikia, kuhani lazima awe daraja la tano, na akiwa hapo ana nafasi mbili za tabaka hilo: watu 30. Mji wetu unahitaji makuhani 167. Kitabu kinasema chakula chenyewe hakina ladha ila kinashibisha, na kisipoliwa ndani ya saa 24 huoza. Hakiwekwi akiba, hakiuzwi mji wa pili, hakisafiri. Wavuvi basi hawaondoki baharini, maana mtu mwenye senti zake hatakubali kula uji baridi wa hekalu ilhali jirani anakaanga changu. Chakula cha uganga kingekuwa cha wafungwa, wanajeshi na maskini, na kukila kungekuwa aibu ya kuficha nyuma ya mlango.

Lakini hao 167 wanatoka wapi? Mhusika hupanda daraja kwa alama za uzoefu, na njia ya kawaida ya kuzipata kwa mujibu wa kitabu ni kushinda viumbe adui. Daraja la tano ni alama 6,500. Kijizimwi kimoja, kile cha kijani cha mapangoni kinachouawa na kila anayeanza mchezo, kina alama 50. Kuhani mmoja wa daraja la tano ni vijizimwi 130. Makuhani 167 ni vijizimwi 21,710. Hakuna pango lenye idadi hiyo, kwa hiyo mtu mwenye akili ya biashara ataanza kuvifuga.

Kuna baya zaidi. Raia wa kawaida, mwenye alama nne za uhai, yaani kiasi cha maumivu anachoweza kustahimili, naye amepewa thamani kitabuni: alama 10 za uzoefu. Daraja la pili ni alama 300. Piga hesabu mwenyewe, kisha fikiria sheria za jinai za mji ambao watu 30 wasio na silaha ni cheti cha kupandia cheo. Kwa upande wa pili, fundi aliyechonga milango kwa miaka 40 hapati alama hata moja kwa kuchonga. Mwalimu wa madrasa hapati. Mkunga hapati. Kwetu mtu hupata heshima kwa elimu, kwa nasaba, kwa umri, kwa mali iliyotolewa sadaka. Katika mji huo kila mwenye uwezo wa kulisha au kutibu angekuwa kwanza ameua, na wakubwa zaidi wameua zaidi. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na ushenzi wa aina nyingine: kila sarafu ya dhahabu iliyotolewa pangoni salama ilihesabiwa alama moja ya uzoefu. Jamii hiyo ingetawaliwa na maharamia, na kitabu kingeunga mkono.

Kuna njia ya kutokea, na wachezaji wengi hawaioni kwa kuwa imekaa kimya nyuma ya kitabu. Wahusika wa wachezaji hufuata ngazi ya alama. Watu wengine wa dunia hiyo hawalazimiki kuifuata. Kuhani wa mjini ameandikwa tu kama alivyo, tayari ana uganga wa daraja la tano, wala hakuna anayeuliza aliupata kwa kuua nini. Msimamizi wa mchezo akishika njia hii, anapata mji wenye vyuo, walimu na miaka ya kusoma. Akishika ile ya kwanza kwa watu wote, anapata kambi ya majeshi yenye soko katikati. Uamuzi mkubwa wa kisiasa katika dunia nzima ya kubuni ni huo, na mara nyingi hufanywa bila mtu kujua kwamba umefanywa.

Kuhusu vita nitasema kidogo. Mpiganaji wa daraja la kumi huwa na alama za uhai themanini na zaidi. Kuanguka kutoka futi 200 humwumiza kwa wastani wa alama 70. Ataruka kutoka juu ya mnara wowote mjini, atajipangusa kanzu, atalala saa nane na kuamka mzima. Askari wa kawaida hawana ubavu naye mmoja mmoja. Hata hivyo waandishi wa toleo la 2014 waliziweka namba chini makusudi, ili umati uendelee kuwa tishio: mshale wa kibarua ukipata 20 kwenye dadu unampata yeyote, na watu mia wakirusha pamoja wanamaliza kazi. Vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, vilivyowakuta watu wa Pate na Mombasa, walioivamia Lamu, wakikimbilia vyombo vilivyokwama ufukweni maji yakiwa yamekupwa, vingeishia vile vile chini ya sheria hizi.

Narudi shambani, kwa sababu huko ndiko uganga unaozidi yote uliko, na hakuna mchezaji anayeuchagua kwani hauui mtu. Ni wa kustawisha mimea, tabaka la tatu. Mganga wa misitu hukaa saa nane akiufanya, na ukikamilika, mimea yote iliyo ndani ya nusu maili kila upande huzaa chakula maradufu kwa mwaka mzima. Duara hilo ni karibu ekari 500. Akifanya moja kwa siku, mwaka ukiisha mtu mmoja na punda wake wameongeza mavuno ya zaidi ya ekari 180,000. Linganisha na yule kuhani wa uji wa watu 30.

Tatizo ni kwamba duara halijui mpaka wa shamba. Chukua ukanda wa bara ng'ambo yetu, wenye minazi, miembe, simsim na pamba. Mganga akisimama katikati ya shamba la aliyemlipa, majirani ishirini wanavuna maradufu bila kutoa hata thumni. Mwaka wa pili hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulipa. Kwa hiyo utaona vyama vya wakulima vikizaliwa, daftari la michango, na ugomvi wa yule ambaye nusu ya shamba lake imo na nusu haimo. Bei ya nazi itaanguka, na mwenye shamba nje ya duara lolote ataanguka nayo. Maembe yataoza kwa wingi wake, maana uganga unaongeza embe, hauongezi jahazi la kulibeba. Mwenye pamba hapati kitu, pamba haliwi. Nakisia uganga huo ungeishia kuwa kazi ya serikali, wenye ratiba na rushwa ya kuingizwa kwenye ratiba.

Usafiri nao hauendi vile watu wanavyodhani. Miji yetu iliishi kwa pepo: kaskazi ikileta majahazi, kusi ikiyarudisha. Mtu anasema, basi duara la kusafiria, lile la kuingia hapa na kutokea mji wa mbali papo hapo, litaua bahari. Tazama gharama. Mganga wa vitabu wa daraja la tisa anaweza kuchora duara, na akilirudia mahali pamoja kila siku kwa mwaka, linadumu. Kila mara anateketeza chaki na wino vyenye unga wa vito, sarafu 50 za dhahabu. Mwaka ni 18,250. Kibarua wetu wa sarafu 2 za fedha angefanya kazi miaka 250, bila kula, ndipo azipate. Na duara lililodumu ni mahali pa kufikia tu. Anayetaka kuja lazima mganga wa huko aliko achore la muda, sarafu 50 nyingine, na mlango ukae wazi kama sekunde sita. Na mganga wa daraja la tisa huianza siku na nafasi moja tu ya uganga huo.

Sekunde sita. Wapange wachukuzi wenye nguvu mlangoni, magunia mabegani, wasukumane wawezavyo. Boriti haziwezi kupita kwa faida, wala mchele, wala chokaa. Zitapita ambari, lulu, barua za hawala, na kijana wa mtawala anayekwenda kuposa. Majahazi yatabaki na mizigo mizito. Atakayeumia ni nahodha, kwani zamani alifika na mzigo na habari kwa pamoja, na faida yake nzuri ilikuwa kwenye habari. Sasa akitia nanga anakuta wanunuzi wa forodhani wanajua bei ya karafuu ya juzi kule alikotoka.

Kifo. Uganga wa kumrudisha aliyekufa ndani ya siku 10 ni wa tabaka la tano, na unataka almasi yenye thamani ya angalau sarafu 500 za dhahabu, ambayo huteketea. Kwa kibarua hiyo ni mishahara ya siku 2,500, karibu miaka saba. Tajiri atakuwa na yake kabatini, imefungwa kwenye kitambaa, na atamwonyesha mkwe wakati wa posa. Ila angalia neno la sheria: thamani. Haisemi uzito. Kadiri watu wanavyoteketeza almasi ndivyo zinavyoadimika, bei inapanda, na jiwe linalofikia sarafu 500 linazidi kuwa dogo. Mwishowe punje inamfufua mtu. Au mtawala anatangaza bei rasmi kwa tarumbeta, na siku hiyo hiyo mawe yaliyokuwa hayafai yanafaa. Katika mchezo wetu hapa Langoni, mtaani kwetu Lamu, tuliamua uganga unaangalia ukubwa wa jiwe, na bei ijipange yenyewe. Bila hivyo kila kikao kinageuka darasa la uchumi.

Mirathi isingegawanywa kabla ya siku ya 11. Matanga yangekuwa marefu na yenye wasiwasi, kwa sababu wanaolia wanatazamana: nani anatoa almasi? Mrithi mkubwa ana sababu nzuri ya kusema haipatikani mjini. Mdai ana sababu ya kuitafuta, maana maiti hailipi deni. Lakini sheria inataka roho iwe radhi kurudi, na sioni mdaiwa mwenye akili akikubali. Wauaji nao wangebadili desturi: hawamwachi mtu alipoanguka, wanachukua kichwa au wanaipeleka maiti kilindini, kwani mwili uliokosa kiungo cha uhai haufufuliwi hivyo.

Na sarafu hizo 500 zingeweza kununua ile chupa. Mji wenye fedha za moja tu utachagua kumrudisha bwana mkubwa mmoja aliyeanguka darini, au maji ya watu 5,000 kwa vizazi. Najua ungechagua nini wewe msomaji. Nauliza kikao cha kuamua hilo kingekuwa na watoto wa nani.

Limebaki la ushahidi, na hili nalipenda kuliko yote. Kuhani wa daraja la tatu anaweza kuweka duara la ukweli, futi 15 kila upande, ukubwa wa sebule nzuri. Kwa dakika kumi, aliyemo ndani na akashindwa kuukinza uganga hawezi kusema uongo wa makusudi, na kuhani anajua nani ameshindwa na nani amekinza. Kukinza hupimwa kwa haiba, kwa hiyo wenye ndimi tamu na wanasiasa ndio wanaoponyoka, jambo ambalo halihitaji maelezo.

Watu hudhani duara hilo linamaliza mahakama. Kwanza, nani anamshuhudia kuhani? Anaposema "huyu ameshindwa, aliyosema ni kweli", tunamwamini kwa lipi? Atahitajika kuhani wa pili kuweka duara juu ya wa kwanza, na mwenye kesi ndiye atakayewalipa wote wawili. Pili, kazi kubwa ya duara ingefanyika kabla halijachorwa. Kwetu pwani mtu akiibiwa akatangaza kwamba Ijumaa anasoma halbadiri, kisomo cha kumwapiza mwizi, si ajabu kitu kikakutwa mlangoni alfajiri ya Alhamisi. Kesi nyingi za mji huo zingemalizika hivyo, barazani, mara tu upande mmoja uliposema "twende kwenye duara". Na kukataa kwenda kungekuwa hukumu tosha, hata kwa mtu anayeficha siri isiyohusu kesi kabisa. Watu wasio na hatia ila wenye jambo la ndani wangeonewa sana.

Tatu, duara linazuia uongo. Halizuii fumbo. Aliyemo anajua amefungwa ulimi, na anaruhusiwa kukwepa maadamu anachotamka si uongo. Sasa lete uganga huo kwa watu waliolelewa na mafumbo, ambao kijana husutwa kwa methali, mwanamke humjibu jirani kwa maandishi ya leso, na mshairi humtukana mtu kwa beti tano naye akapiga makofi asijue ametukanwa. "Uliliona jahazi la bwana huyu likipakia usiku?" Shahidi anajibu, "Bwana kadhi, mimi Mungu amenijalia usingizi mzito." Kuhani anatikisa kichwa: hakuna uongo hapo. "Ulikuwa forodhani au hukuwa?" "Forodhani hapakosi watu, bwana kadhi, hata asiyekuwapo husemwa alikuwapo." Kweli tupu.

Kadhi atalazimisha jibu la ndiyo au la. Hapo mawakili watahamia kwenye kuunda maswali, maana swali lililotegwa vizuri linamfanya mkweli aseme "ndiyo" ya kumfunga. Maswali yataandikwa kabla, yabishaniwe kwa wiki nzima nje ya duara, kisha yaulizwe kwa dakika kumi. Na dakika kumi ni chache: kuhani wa daraja la tatu ana nafasi mbili tu za uganga huo kwa siku, foleni ya kesi imefika sokoni, na shahidi anajua kwamba akitanguliza salamu kwa mahakama, kwa wazee, kwa marehemu baba yake kadhi, na ubeti mmoja wa kuombea mvua, muda umekwisha. Ingebidi iwekwe kanuni kwamba gharama za duara la pili zinalipwa na aliyezungusha maneno katika la kwanza. Sidhani kama ingewazuia wengi.